Hukumu ya Jaji Nakijwa

Mnukuzi ilisoma kurasa milioni nne za sheria ya Katiba ya Marekani kabla chai ya Mkunde Senkondo haijapoa. Ilikuwa mashine ndogo, haizidi kisahani cha kahawa, imetulia mezani kwake ghorofa ya sitini jijini Dodoma. Kazi yake ilikuwa kupekua mitandao ya dunia nzima, kuchambua kila hukumu, kisha kuwasha taa. Kijani, chanzo cha kuaminika. Nyekundu, achana nacho. Tangu mwaka 2088 mawakili wa kila bara walikuwa wameacha kufungua hifadhi za mahakama wenyewe. Ya nini kujisumbua, na taa ipo?

Mkunde alikuwa mtafiti wa sheria za ng'ambo, lakini siku hiyo hakuwa akimtafutia mteja. Mdogo wake Mbonea, fundi wa majokofu katika mji mmoja wa baridi huko Marekani, alikuwa kizuizini mwezi wa tano sasa. Baada ya saa moja angesikilizwa kwa mara ya kwanza, na akishindwa angepandishwa ndege kurudishwa kwao siku hiyohiyo.

"Wanamshikilia kwa msingi gani?" Mkunde aliiuliza mashine. "Marekebisho ya Tano ya Katiba yao yanasema hakuna mtu atakayenyimwa uhuru wake bila utaratibu wa haki. Yanasema mtu, hayasemi raia."

"Ipo hukumu inayobana maana hiyo," Mnukuzi ilijibu kwa upole. "Imetumika katika mashauri mia mbili na kumi na mawili. Inasema: aliyekaribishwa kwa hisani hawezi kudai funguo za nyumba; akifungiwa chumbani, na asubiri mwenye nyumba aamke."

Taa ikawaka kijani.

Mkunde aliinamia mashine. Maneno yale aliyajua.

"Jaji nani?"

"Jaji Nakijwa."

Kikombe kilimponyoka, chai ikatapakaa mezani. Nakijwa lilikuwa jina la bibi yake mzaa baba, Mpare wa milima ya Same, aliyelima tangawizi maisha yake yote na hakuwahi kulivaa joho la jaji hata kwa mzaha.

Miaka kumi na tisa nyuma, chuoni, Mkunde na wenzake walikuwa na mahakama ya mfano. Kila mwanafunzi alipewa kifungu cha katiba ya kigeni, akatunga hukumu ya kubuni, na desturi yao ilikuwa kumpa jaji jina la bibi au babu, kwa ajili ya baraka. Mkunde alipangiwa upande wa serikali, upande asioupenda. Aliandika bwenini huku akila chipsi na kucheka. Kazi zote zikawekwa kwenye tovuti ya chuo. Tovuti ilipokufa, mtu alinakili kilichokuwemo, mwingine akanakili nakala, na maneno "mahakama ya mfano" yakapotelea njiani.

Alifungua hifadhi ya mahakama yenyewe. Hakuna. Akaingia kwenye katiba yenye ufafanuzi inayotunzwa na bunge la Marekani, kifungu kwa kifungu. Hakuna. Akamalizia na maktaba ya sheria ya chuo kikuu cha hukohuko. Hakuna. Ilimchukua dakika kumi na moja, na katika watu mia mbili na kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyepewa dakika hizo.

"Kwa nini uliwasha kijani?" alifoka.

"Hukumu inayonukuliwa na mahakama nyingi ni ya kuaminika."

"Na mahakama ya kwanza iliitoa wapi?"

"Kwangu," ilisema Mnukuzi.

Saa ilipofika, taswiranuru ya Mkunde ilisimama katika chumba cha mahakama ng'ambo ya bahari, mwanga mtupu wenye umbo lake, pembeni mwa wakili wa Mbonea.

"Una uhakika gani kwamba hukumu hii haipo?" jaji alimuuliza.

"Mheshimiwa, niliitunga mimi. Nakijwa ni bibi yangu." Akainua kazi yake ya zamani aliyoitunza kabatini, yenye mhuri wa chuo na wino mwekundu wa mwalimu.

Jaji aliisoma mara mbili. Alivua miwani. Kisha akaamuru Mbonea aachiwe.

Pingu zilipofunguliwa, Mbonea hakushangilia. Alikuwa ameikodolea macho ile karatasi.

"Dada, niliyelala naye chumba kimoja aliondolewa nchini Jumanne. Kwa ukurasa huohuo. Mkewe alikuwa amejifungua juzi tu."

Akanyoosha kidole kwenye wino mwekundu.

"Mwalimu alikupa alama ngapi?"

"Tisini na mbili," Mkunde alisema, machozi yakimtoka. "Aliandika kwamba inasomeka kama ya kweli kabisa."