Kahawa ya Mgeni Mdogo

Joviness aliamka siku ya sikukuu akiwa amekwisha kuchoka.

Ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, katikati ya Agosti. Kiangazi kilikuwa kikali. Vumbi la barabara ya Ihanda lilikuwa limefunika majani ya migomba. Kazi ya kuvuna kahawa ilikuwa imepungua, watu walikuwa na nafasi, na mume wake Akankwasa alikuwa amewaalika ndugu zake kula chakula baada ya misa. Hakumwuliza mke wake. Alimwambia tu jioni ya jana, huku akisafisha viatu.

"Ni watu wachache," alisema.

"Wachache ni wangapi, baba Tusiime?"

"Ni ndugu tu."

Joviness aliwajua ndugu hao. Alimwomba Mungu uvumilivu, kisha akamenya ndizi za sufuria ya pili.

Nyumbani kulikuwa na watoto wawili. Tusiime alikuwa msichana wa miaka mitatu na nusu. Aliuliza maswali tangu asubuhi hadi alipolala. Mdogo wake, Nuwamanya, alikuwa na miezi minane. Alikuwa amejifunza kutambaa hivi karibuni. Kila kilichoanguka chini aliona ni chake, na kila kilicho chake kilikwenda mdomoni.

Mama mkwe wake, Kobusingye, alifika mapema kusaidia. Alitandaza nyasi mbichi sebuleni, kama nyumba za kwao zinavyotandazwa siku ya sikukuu. Sebule ilinukia vizuri. Kisha akakaa, akamwita mjukuu wake na kumpa kikapu kidogo cha amwani, yaani kahawa ya kutafuna. Ni kahawa inayovunwa ikiwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa mpaka iwe ngumu. Mgeni akifika, hupewa punje chache kabla ya chakula.

"Magoti chini," Kobusingye alimfundisha. "Shika kwa mikono miwili. Sema, karibu kahawa."

"Na mgeni asiye na meno?" Tusiime aliuliza.

"Mgeni ni mgeni. Hanyimwi."

Joviness alisikia kutoka mlangoni. "Mama, huyo mtoto ataimwaga kahawa yote."

"Akimwaga ataokota. Wewe ulitaka aanze adabu akiwa na miaka mingapi?"

Joviness aligeuka. Moshi ulikuwa unamsubiri jikoni.

Wageni walifika baada ya misa. Tusiime alipiga magoti mbele ya kila mmoja, na kila mmoja alimsifu. Nuwamanya alizunguka kutoka mkono huu hadi ule kama kapu la sadaka. Kila mtu alimtaka kwa muda mfupi, na kila mtu alimchoka kwa muda mfupi.

Jiko lilikuwa nyuma ya nyumba. Joviness aliita kutoka huko, "Mtoto yuko na nani?"

"Yuko huku," sauti ilijibu.

"Huku kwa nani?"

"Tuko wengi, mama Tusiime. Pika tu."

Akapika. Shemeji yake Egbert, mfanyabiashara wa Nyaishozi, alikuja hadi jikoni akafunua sufuria.

"Shemeji, ndizi hizi zimepata chumvi?"

"Zimepata, shemeji. Mtoto umemwacha na nani?"

"Nimempa baba yake. Au nilimpa mama? Yuko na watu."

"Basi nenda ukamtazame."

"Naenda," Egbert alisema, akachukua kipande cha nyama na kwenda kukaa chini ya mti wa parachichi.

Hapo kwenye kivuli alikuwa ameketi Sperancia, jirani yao. Sperancia alikuwa muuguzi wa zahanati, na wiki hiyo alikuwa likizo. Alikuwa amekuja kula ndizi kwa amani. Egbert alikunja suruali yake mpaka gotini, akamwonyesha.

"Dada nesi, goti hili linaniuma nikipanda baiskeli."

"Niko likizo, Egbert. Goti lako nalo lipumzike."

Joviness alipakua chakula. Aliingia sebuleni na sinia la kwanza, akatafuta mahali pa kuliweka. Wanaume walikuwa wanabishana juu ya mvua. Kobusingye alikuwa dirishani, akiongea na mtu wa nje. Akankwasa alikuwa anafungua soda. Kwenye kona, juu ya nyasi, Nuwamanya alikuwa amekaa peke yake. Mbele yake Tusiime alikuwa amepiga magoti, kikapu mikononi.

"Karibu kahawa," Tusiime alikuwa anamwambia. "Karibu. Mbona hutafuni?"

Mdomo wa Nuwamanya ulikuwa wazi. Macho yalikuwa yamemtoka. Mikono yake ilikuwa inarukaruka, lakini hakutoa sauti yoyote. Hakulia wala hakukohoa. Midomo ilikuwa inaanza kuwa ya rangi ya bluu.

Sinia lilianguka. Joviness alimnyakua mtoto.

"Kameza kahawa. Mungu wangu, hapumui."

Sasa wote walimwona. Wote walikuwa na la kusema.

"Mpe maji," mmoja alisema.

"Mshike miguu, mtikise," alisema mwingine.

Akankwasa alimfungua mtoto mdomo na kuanza kuingiza kidole. Kobusingye alipiga magoti kwenye nyasi, akaanza Salamu Maria kwa sauti kubwa. Joviness alizungushwa huku na huku, na mtoto alikuwa anazidi kulegea mikononi mwake.

Sperancia aliingia akikimbia.

"Toa kidole hicho. Utaisukuma ndani zaidi. Hakuna maji. Nipeni mtoto. Sali, mama, lakini nipishe."

Alikaa, akamlaza Nuwamanya kifudifudi juu ya mkono wake, mkono ukiwa umeegemea paja. Kichwa cha mtoto kilikuwa chini kuliko kifua. Vidole vya Sperancia vilishika taya, bila kubana koo. Kwa kisigino cha kiganja cha mkono wa pili alimpiga mgongoni, katikati ya mabega. Alipiga kwa nguvu. Mara moja, mbili, tatu, nne, tano. Kila pigo lilikuwa peke yake.

Hakuna kilichotoka.

Akamgeuza chali, kichwa bado kikiwa chini. Akaweka vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Akabonyeza mara tano. Akatazama mdomoni. Hakuona kitu. Akamgeuza tena kifudifudi.

Pigo la tatu likatoa punje. Iliangukia kwenye nyasi, nyeusi, imelowa mate. Nuwamanya akavuta pumzi, kisha akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa. Joviness hakuwahi kusikia kilio kizuri kama kile. Alimchukua na kukaa chini palepale, katikati ya ndizi zilizomwagika.

Baada ya hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Huyu Tusiime anahitaji fimbo," Egbert alisema. "Anataka kumuua mdogo wake."

Tusiime alikuwa amejibana ukutani, anatetemeka. "Ni mgeni," alisema. "Hii ni sikukuu yake ya kwanza. Mgeni hanyimwi."

Hakuna aliyecheka. Kobusingye alifunika uso kwa khanga.

"Asipigwe mtu," Sperancia alisema. "Mtoto amefanya alivyofundishwa, na amefanya vizuri. Mimi nataka kujua jambo moja. Mtoto mchanga alikuwa na nani?"

"Nilimpa kaka," Egbert alisema.

"Mimi nilimweka karibu na mama," Akankwasa alisema. "Nilikwenda kufungua soda."

"Hukuniambia," Kobusingye alisema. "Nilikupa mgongo. Ningemwona kwa kisogo?"

"Nilidhani umeona."

Joviness aliinua kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa sababu hiyo wote walimgeukia.

"Nimeuliza nikiwa jikoni. Nimeuliza mtoto yuko na nani. Mkaniambia mko wengi. Mko wengi kweli. Mko watu wa kula sufuria mbili. Na mwanangu alikuwa na mtu mmoja tu anayemtazama, naye ana miaka mitatu na nusu."

Akankwasa alitazama viatu vyake.

Sperancia aliinama, akakusanya nyasi za ile kona na kuzikung'uta juu ya sinia. Punje zilidondoka. Moja, nyingine, kisha nyingine tena. Ndani yake kulikuwa pia na kizibo cha soda.

"Mnaona?" alisema. "Nyasi ni nzuri, lakini zinaficha. Sisi tunatembea juu yake hatuoni kitu. Anayetambaa anaona kila kitu. Koo lake ni jembamba. Kahawa kavu, karanga, mahindi, kizibo, sarafu, vyote vinaweza kuziba njia ya hewa."

"Lakini amwani ni desturi yetu," Kobusingye alisema. "Mama yangu alinipa kikapu hicho nikiwa mdogo kuliko Tusiime."

"Desturi ibaki, mama. Iondoke sakafuni tu. Kahawa ibebwe na mtu mzima, kisha kikapu kirudi juu kabatini. Tusiime alete maji ya kunawa. Hiyo nayo ni adabu."

Kobusingye alifikiri. "Maji atayamwaga nyumba yote."

"Nyumba itakauka, mama. Ni kiangazi."

Sperancia alikuwa na njaa, na hasira yake ilionekana. Lakini hakuondoka. Alikunja kitenge kikawa kama mtoto, akampa Egbert.

"Nionyeshe."

"Mimi? Mimi nina goti."

"Hutumii goti. Kaa."

Egbert alikaa. Alikipiga kitenge taratibu, kama anayebembeleza.

"Unamlaza usingizi?" Sperancia alisema. "Piga. Mtoto huyo hapumui. Na kichwa chake umekiweka juu, kahawa itapandaje mlima?"

Egbert alishusha kichwa cha kitenge, akapiga tena. Safari hii alipiga sawasawa. Sperancia aliwafundisha wote, mmoja mmoja. Mtoto akikohoa kwa nguvu au akilia, hewa inapita. Aachwe akohoe, na atazamwe. Asipoweza kulia wala kukohoa, mapigo matano ya mgongo, kisha mabonyezo matano ya kifua, kisha mapigo tena, mpaka kitu kitoke. Kitu kitolewe kwa kidole endapo tu kinaonekana wazi mdomoni.

"Na huyu mkubwa?" Akankwasa aliuliza, akimtazama Tusiime.

"Aliyepita mwaka mmoja huinamishwa mbele na kupigwa mgongoni vilevile. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu kwa nguvu, mara tano. Kisha rudia mgongo. Tumbo la mtoto mchanga lisibonyezwe kamwe. Na wakati wewe unafanya hivyo, mwenzako awe anatafuta usafiri. Akizimia, ni kumsaidia kupumua huku mnakimbia kituo cha afya. Njooni zahanati nikirudi kazini, niwafundishe hilo."

"Sasa amepona?" Joviness aliuliza.

"Anapumua vizuri. Lakini apelekwe kituo cha afya leo, asikilizwe kifua. Kipande kinaweza kubaki. Hata siku zijazo, akikohoa bila mafua au akipumua kwa mluzi, mrudishe."

Akankwasa alikwenda kuita bodaboda. Kabla hawajaondoka na mtoto, Kobusingye alimshukuru Mungu kwa maneno machache. Kisha akamwita Tusiime, akampakata. Alimshika tu mpaka akaacha kutetemeka.

Kifua cha Nuwamanya kilikutwa safi. Joviness na mume wake waliporudi, jua lilikuwa linazama. Wageni walikuwa wamekula na kwenda. Vyombo vyote vilikuwa palepale, na nzi juu yake.

Joviness alivitazama vyombo. Kisha akamtazama mume wake.

"Baba Tusiime, nisikilize. Nimechoka kuuliza hewa. Kuanzia leo, mtoto hawekwi chini akaachwa. Anatoka mkono kwenda mkono. Anayempokea aseme kwa mdomo wake, nimempokea mimi fulani. Asiposema, aliyemshika anaendelea kumshika. Hata kama ni wewe. Hata kama ni mama."

"Na wageni nao?"

"Wageni kwanza."

Akankwasa alivua shati la sikukuu na kukunja suruali. Akaanza kuosha vyombo. Hakuosha vizuri sana, lakini aliosha vyote.

Mwanzoni ndugu walinung'unika. Egbert alisema sasa kumshika mtoto kwa kaka yake ni kama kula kiapo mahakamani. Kobusingye alisahau mara mbili, na mara zote mbili Joviness alimrudia, kwa heshima, mpaka akasema maneno yote. Kikapu cha amwani kilipanda juu ya kabati. Nyasi ziliendelea kutandazwa, ila zilikung'utwa asubuhi na jioni, na pembeni uliwekwa mkeka mtupu wa mtoto. Watu wa nyumba za jirani walikwenda siku moja zahanati pamoja nao, wakajifunza kwa vitenge vilivyokunjwa.

Noeli ilipofika, ndugu walialikwa tena. Safari hii Joviness aliulizwa kwanza. Alikubali kwa sharti moja, kwamba na yeye atakaa kula.

Tusiime alileta maji ya kunawa. Alimwaga kidogo. Kobusingye alitoa kahawa mwenyewe, akarudisha kikapu juu. Chakula kilipakuliwa, sala ikasaliwa, na Joviness akaketi mbele ya sahani yake iliyokuwa ikitoa mvuke.

Nuwamanya alikuwa mikononi mwa Egbert. Punde suruali ya Egbert ikawa na doa kubwa la maji.

"Jamani," Egbert alisema, "mtoto amenikojolea. Nani anampokea?"

Kila mtu alikuwa na ndizi mdomoni.

"Nauliza nani anampokea. Siwezi kumweka chini."

Joviness alisikia. Alimega ndizi, akachovya kwenye mchuzi, akaendelea kula.

"Kaka. Mama. Mtu yeyote. Suruali hii nimeinunua kwa ajili ya Noeli."

Kobusingye alimaliza alichokuwa anatafuna. Alinawa mikono bila haraka, akainuka, akanyoosha mikono.

"Nimempokea mimi, Kobusingye," alisema.