Wanu Aomba Kazi Mwenyewe

Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa Bwejuu. Wanu na mama yake, Bi Mize, walikuwa wameinama kwenye shamba lao la mwani. Shamba lenyewe ni vigingi na kamba. Kazi yenyewe ni kufunga. Unachukua kipande cha mwani, unakifunga kwa kamba nyembamba, unasogea mbele, unafunga tena.

Bi Mize alikuwa na fundo lake. Alilizungusha, akalipindua, akalivuta kwa chini. Hakuna mwanamke mwengine pale pwani aliyefunga hivyo. Mwani wake ukikatika na kwenda na maji, aliyeuokota alijua ni wa nani.

Wanu alikuwa na stashahada ya afya ya mazingira. Alisomea kukagua masoko, visima, vyoo na mikahawa, ili watu wasile wala kunywa maradhi. Lakini tangu amalize chuo, alikuwa akifunga mwani. Si kazi ya aibu, na Wanu hakuionea aibu. Aibu ilikuwa pengine.

Siku alipopata vyeti, baba yake, Mzee Haitham, alivikusanya vyote. Bi Mize akavitia katika mfuko wa nailoni visirowe, akaufunga kwa kamba ya mwani. Haitham akavipeleka Kiembe Samaki, kwa kaka yake mkubwa, Abrahman. Bwana Abrahman alikuwa na kazi katika ofisi moja mjini, na alijulikana kuwa anajuana na watu.

"Niachieni mimi," alisema Abrahman. "Mtoto wenu ataingia kazini."

Wakamwachia. Mwaka ukapita na zaidi. Kila Haitham alipopata pweza mzuri, Bi Mize alimkausha, naye akampelekea kaka yake. Pweza walikwenda, kazi haikuja. Huu ndio mtindo wetu, na tuuseme wazi. Mtoto akimaliza chuo tunatafuta mtu wa kumkabidhi vyeti, halafu tunakaa kitako na kungoja.

Asubuhi ile simu ya Wanu ililia katikati ya mwani. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Naam, Bi Dalal."

Bi Dalal alikuwa mtu mzima wa Mji Mkongwe, mtaa wa Kiponda. Wanu alikaa nyumbani kwake alipokuwa chuoni. Kabla ya kustaafu, Bi Dalal alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya utumishi, akipokea maombi ya kazi. Ulimi wake ulikuwa mkali, na moyo wake ulikuwa mwema.

"Umeona tangazo la kazi?" aliuliza. "Wanataka wasaidizi maafisa afya ya mazingira. Kazi yako hiyo."

"Nimeliona. Ami Abrahman anashughulikia."

"Anashughulikia nini? Umeomba?"

"Vyeti viko kwake, Bi Dalal."

"Sijakuuliza viko wapi. Nimekuuliza, umeomba?"

Wanu akazitazama kamba za mwani.

"Mwisho wa kupokea maombi ni wiki ijayo," alisema Bi Dalal. "Ukija na vyeti, mlango wangu uko wazi. Ukija bila vyeti, tutakunywa chai tu." Akakata simu.

Mchana, baada ya chakula, Wanu alimwambia baba yake.

"Baba, nnakwenda Kiembe Samaki kuchukua vyeti vyangu."

Haitham akaweka kikombe chini. "Usinivunjie heshima kwa kaka yangu. Ukivichukua, ndio umemwambia kuwa ni muongo."

"Sitamwambia hivyo. Ntamwambia kuwa vyeti ni vyangu."

"Na akikasirika?"

"Akikasirika atapoa. Tarehe ya mwisho ikipita hairudi."

Haitham alimtazama mkewe, akitaka amuunge mkono. Bi Mize alikuwa akikusanya sahani. "Mwache ende," alisema. "Mimi nimechoka kukausha pweza."

Haitham hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana, na hilo lilimtosha Wanu.

Kesho yake alifika Kiembe Samaki. Bwana Abrahman alikuwa amekaa barazani kwake, na kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Baba yako hajambo? Hajaleta kitu?"

"Hajambo. Leo nimekuja mimi. Nimekuja kuchukua vyeti vyangu, Ami. Kuna tangazo, nataka kuomba."

Abrahman akacheka. "Kazi ya Serikali haipatikani kwa karatasi, mwanangu. Inapatikana kwa mtu. Nshazungumza na wakubwa. Subiri."

 Tangu utoto wake Wanu hakuwahi kumjibu Ami. Lakini hasira ilikuwa imemfika kooni, na safari hii hakuimeza.

"Sawa, Ami. Basi kama karatasi hazina kazi, nipe."

Abrahman hakucheka tena. "Nani kakufundisha kuzungumza hivi?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nimesoma kwa jasho la mama yangu. Nataka vyeti vyangu, na sitoki hapa bila ya kuvipata. Ntakaa nje kwa heshima zote mpaka vitoke."

Akakaa kweli, kwenye ncha ya baraza. Majirani wakapita, wakasalimia, wakatazama. Abrahman alivumilia kidogo, kisha akamwita mkewe, Bi Fathiya. Bi Fathiya akapanda kiti, akautoa mfuko juu ya kabati. Ulikuwa umejaa vumbi. Akaupangusa kwa upindo wa kanga yake, akampa Wanu mkononi na kumnong'oneza, "Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie."

Wanu alikwenda moja kwa moja Kiponda. Bi Dalal akauweka mfuko mezani, akaenda kuchukua mkasi. Hapo ndipo Wanu alipoiona kamba vizuri. Fundo lilikuwa limezungushwa, limepinduliwa, limevutwa kwa chini. Lilikuwa fundo la mama yake, kama lilivyotoka Bwejuu.

"Ngoja," alisema Wanu.  "Hakuufungua. Muda wote huu, Ami hakuufungua."

Akalia, kwa uchungu na kwa ghadhabu. Bi Dalal alimwacha alie. Kisha Wanu akalipiga picha lile fundo kwa simu, akampelekea mama yake. Hakuandika neno lolote.

"Haya," alisema Bi Dalal. "Kulia tumemaliza. Sasa tusome tangazo. Lote, si kichwa chake tu. Watu wengi huanguka hapa. Wanasoma jina la kazi, wanakimbilia kutuma."

Wakasoma. Tangazo lilitaka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha Kidato cha Nne, cheti cha chuo, wasifu na barua ya maombi. Bi Dalal akavitandaza vyeti mezani, akalinganisha majina.

"Jina lako ni moja kote. Vizuri. Lingekuwa tofauti, ungehitaji kwenda kwa wakili kula kiapo kwanza, na siku zingekwisha. Hiki cha chuo ni cheti chenyewe. Kuna watu hupeleka karatasi ya matokeo wakati tangazo limesema cheti. Wanatolewa, halafu wanasema wamefanyiwa fitina. Barua iko wapi?"

Wanu alikuwa ameshaiandika. Bi Dalal akaisoma kwa sauti. "'Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, mimi ni mtoto wa mkulima wa mwani, hali yetu ni duni sana, naomba kwa huruma zenu mnisaidie.'" Akaivua miwani. "Unaomba kazi au unaomba sadaka?"

"Hivyo ndivyo watu wanavyoandika, Bi Dalal."

"Nnajua. Nimezisoma barua hizo mpaka macho yakaniuma. Wanaopokea wanataka kujua mambo mengine. Unaomba nafasi gani? Umesomea nini? Unaweza kufanya nini? Umaskini wako haukagui kisima. Andika upya."

Wanu akaandika upya. Aliandika jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo. Akaandika elimu yake, na mafunzo ya vitendo aliyofanya sokoni. Barua nzima ilienea katika ukurasa mmoja. Haikuwa na huruma ndani yake, na Wanu alipoisoma alihisi kuwa amesimama wima.

"Wadhamini?" aliuliza Bi Dalal.

"Nimemweka Ami, na walimu wangu wawili."

"Ami mtoe. Ndugu hawekwi, wala huyo hajui unachoweza. Na hao walimu, umewaomba ruhusa? Wapigie. Mtu akipigiwa simu kukuulizia, asije akasema hakukumbuki."

Jioni wakaingia kwenye mfumo wa maombi kwa simu. Wanu alifungua akaunti yake mwenyewe, akaweka neno la siri lake. Bi Dalal aligeuza uso wakati akiliandika. "Usimpe mtu," alisema. "Na asije mtu akakwambia utoe pesa ili jina lipite. Huyo ni tapeli. Muulize jina lake na umshitaki."

Wakapandisha vyeti. Mtandao ukakwama. Wakajaribu tena, ukakwama tena.

"Unaona?" alisema Bi Dalal. "Ndiyo maana hatungoji siku ya mwisho. Kesho baada ya sala ya alfajiri tutajaribu."

Alfajiri maombi yalipita. Ujumbe ukaja kwenye simu kuwa yamepokelewa. Wanu akauhifadhi.

"Bi Dalal," aliuliza Wanu, "niambie kweli. Vimemo vya wakubwa havipo?"

 "Siwezi kukwambia kuwa havipo. Nimeviona, na nimevichana baadhi. Lakini usiwape watu kazi yako kwa kukaa nyumbani. Wakitaka kukunyima, wakunyime wewe uliyeomba, uliyesoma, uliyefika. Wasipate raha ya kukukosa kwenye orodha."

Wiki chache baadaye Wanu akaitwa kwenye mtihani wa kuandika. Bi Dalal alikuwa amemfundisha namna ya kusoma. Uchukue majukumu yaliyomo katika tangazo, na kila jukumu uligeuze suali. Wanu akasoma hivyo usiku na mchana, hata ndani ya maji. Bi Mize alimuuliza masuali huku wakifunga mwani.

"Umemkuta muuza samaki anaosha samaki kwa maji ya mtaroni. Utafanya nini?"

"Ntamfungia biashara."

"Hivyo tu? Na kesho akahamia pembeni, akaosha kwa maji yale yale?"

Wanu akacheka, kisha akafikiri. "Ntamzuia asiuze wale samaki. Ntamweleza kwa nini. Ntamwonesha maji safi yako wapi. Kisha ntarudi kukagua. Akikataa, sheria ipo."

"Hapo sawa," alisema Bi Mize.

Na Haitham? Bi Mize alimwonesha picha ya lile fundo. Mwezi ule alipata pweza mkubwa, na pweza yule aliliwa nyumbani.

Siku ya mtihani Wanu alifika mapema, na kitambulisho mkononi. Mstari ulikuwa mrefu. Kijana mmoja nyuma yake alikuwa akinung'unika.

"Hizi nafasi zina wenyewe. Tunapotezewa wakati tu."

Wanu akageuka. "Basi wewe umekuja kufanya nini?"

Kijana akababaika. "Kujaribu."

"Basi jaribu, yakhe. Usitukatishe tamaa sisi tuliosoma."

Watu wa mbele wakacheka, na mstari ukasogea. Ndani, Wanu alisoma maelekezo yote kabla ya kushika kalamu. Alianza na masuali aliyoyajua. Suali moja liliuliza kuhusu kisima cha kijiji kilichoingia maji machafu. Wanu alikiona kisima chenyewe machoni mwake, kwa sababu kwao kipo cha namna hiyo. Akaandika mpaka mkono ukauma.

Akapita. Akaitwa kwenye usaili wa mahojiano. Huko nako alijibu kwa adabu, na alipokuwa hajui alisema hajui. Kisha akangoja, na kungoja huko hakukuwa kama kule kwa mwanzo. Safari hii aliijua kazi aliyoifanya.

Ujumbe wa kumwita kazini ulipokuja, Bi Mize aliusoma polepole, neno kwa neno. Kisha akajifunika uso kwa kanga.

Ijumaa iliyofuata Bwana Abrahman alifika Bwejuu bila kuitwa. Haitham alimkaribisha ndani. Bi Mize akapakua wali na pweza wa nazi.

"Mmeona?" alisema Abrahman, akikunja mikono ya kanzu. "Niliwaambia mniachie mimi. Nilikwenda mwenyewe kwa wakubwa. Nikawaambia, huyu ni mtoto wangu."

Wanu akafungua mdomo, lakini baba yake akamtangulia.

"Kaka," alisema Haitham, kwa upole, "ulimwombea nafasi gani?"

"Nafasi ya kazi. Si ameipata?"

"Ameipata. Nakuuliza ni kazi gani."

Abrahman alitazama sahani. "Hiyo ya... ukarani."

Hakuna aliyecheka. Haitham akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kipande cha kamba. Fundo lilikuwa bado lipo. Bi Dalal alikuwa ameukata mfuko, lakini fundo hakuligusa, na Wanu alirudi nalo nyumbani. Haitham akaiweka ile kamba kwenye mkeka, mbele ya kaka yake.

"Hili ni fundo la Mize," alisema. "Nilikuletea mwenyewe. Ulikaa nalo zaidi ya mwaka, kaka, na hukulifungua. Mtoto ameomba mwenyewe. Ni msaidizi afisa afya ya mazingira. Ukiulizwa mjini, sema hivyo."

 Haitham alimjazia wali, akamsogezea na bakuli la pweza.

"Kula, kaka," alisema. "Pweza huyu ni wa kukukaribisha tu. Wa kazi wamekwisha."