Gitaa la Mapajani la Mume Wangu

"Nani ameligusa hili?"

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake cha Jumapili, gitaa kalilaza mapajani, kipande cha chuma mkononi. Alikuwa ametelezesha chuma juu ya nyuzi mara moja tu. Badala ya ule mlio wa kuvutika ambao masikio yangu yameuzoea, kikatoka kitu kama kijiko kinachokwangua sufuria.

"Nimelipeleka kwa fundi," nikasema, huku natabasamu peke yangu. "Leo tunatimiza miaka miwili ya ndoa. Nilitaka kukufurahisha."

"Kwa fundi akalifanye nini?"

"Nyuzi zilikuwa zimeinuka kama kamba za kuanikia nguo. Kazishusha."

Akaliweka gitaa mezani taratibu, akatoka uani, akasimama huko akiutazama ukuta.

Gitaa lile si kama mengine. Halikumbatiwi, linalazwa, na mpigaji hagandamizi nyuzi kwa vidole, anazipitishia chuma kwa juu. Ndiyo maana nyuzi lazima zikae juu, chuma kisije kikagusa ubao. Mimi fundi cherehani ningelijulia wapi hilo? Na yule fundi magitaa, kwa kujiamini kwake, alikikwangua kwa tupa kile kidaraja cha kichwani kinachoinua nyuzi, akaniambia nimfikishie mzee salamu, sasa vidole havitamuuma tena. Havikuwahi kumuuma.

Mume wangu alilinunua mnadani miaka mingi iliyopita, yeye na marehemu mke wake, kwa bei ya kutupa, maana watu walidhani ni gitaa lililong'oka tumbo likabaki ubao. Rangi imebanduka. Kitufe kimoja cha sauti kilipotea, akapachika kifuniko cha dawa ya meno. Siku hizo marehemu aliimba, na yeye alimfuata kwa chuma. Mke alipofariki, aliendelea peke yake, kila Jumapili, wimbo ule ule. Akifika mstari wa tatu anasita, anarudia, anarudia tena, kisha anaacha. Nami niko chumba cha pili napiga pindo la suruali ya mtu, nina wivu. Utamwonea vipi wivu mtu aliyelala kaburini? Mimi niliweza.

Jioni ile ile wifi yangu akapiga simu. Sijui kaka yake alimwambia nini.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimekosea, wifi. Sikujua."

"Ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Mimi nasema ukweli, sikulaumu."

Alivyosema hanilaumu ndipo nilipojua nimelaumiwa. Jumatatu mume wangu aliondoka bila kunywa chai, na saa sita ukaingia ujumbe kutoka kiwanda cha chapa anakofanya kazi: "Nitachelewa. Kula tu." Jumanne hivyo hivyo. Jumatano tulisalimiana kama mpangaji na mwenye nyumba.

Alhamisi nikalishusha sanduku juu ya kabati. Sikutia hata leso, lakini nililiacha wazi kitandani makusudi alione. Alirudi mchana, akasimama mlangoni.

"Unaondoka?"

"Sijui. Niambie wewe."

Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, sanduku katikati yetu.

"Nikuulize kitu. Ulifanya kusudi?"

"Sikufanya kusudi. Haki ya Mungu, nilitaka upate zawadi."

Hapo ningeweza kunyamaza na mambo yakaisha. Alikuwa ameniamini, nilimwona mabega yakishuka. Ila nilikuwa nimechoka kulibeba lile jingine.

"Lakini lipo nililofanya kusudi," nikasema. "Pale unapokwama, mstari wa tatu. Mimi napajua."

"Unapajua vipi?"

"Marehemu alikuwa mteja wangu kabla hata sijakufahamu. Nimemshonea miaka minne. Kila nikimpima alikuwa anaimba wimbo huo huo, hatulii, mpaka nakosea vipimo. Wewe ukifika pale unapanda. Yeye hapandi. Anashuka kwanza, anavuta kidogo, ndiyo anapanda."

Akanigeukia.

"Miaka miwili," akasema. "Unanisikia nahangaika, na wewe unajua."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona ukiupata wote utakuwa umempata na yeye. Mimi nitabaki na nini humu ndani?"

Nikaanza kulia, kilio kile kibaya cha makamasi. Nilingoja anifungie sanduku mwenyewe.

"Nimeanza kuisahau sauti yake," akasema. "Hilo ndilo linalonitesa, wala si nyuzi. Kila Jumapili naipata kidogo zaidi sauti ya gitaa, yake inapungua. Nilikasirika na wewe kwa sababu nilikuwa naogopa."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande chembamba cha madini ya risasi, mojawapo ya vile wanavyovipanga kiwandani kutenganisha mistari ya maandishi. Alikuwa anatembea nacho tangu Jumanne. Akalileta gitaa, akalegeza nyuzi, akakisukuma kile kipande chini ya kidaraja pale kichwani, na mimi nikamshikia ubao usicheze. Nyuzi zikainuka. Hazikukaa sawasawa kama mwanzo, uzi mmoja ulikuwa bado unalalamika, lakini chuma kilipita.

"Niimbie," akasema. "Kama alivyokuwa anaimba."

Sauti yangu si kama yake. Yake ilikuwa nyembamba, yangu nzito kama ya mtu mwenye mafua. Nikaimba hivyo hivyo, nikakumbuka alivyokuwa akisimama mbele ya kioo changu mikono kainua, nami nina futi shingoni. Mstari wa tatu nikashuka, nikavuta. Chuma kikashuka na mimi. Tukapanda pamoja, tukaenda mpaka mwisho wa wimbo, nao mwisho huo sikuwahi kuusikia ndani ya nyumba ile.

Akaufunika uso kwa mkono. Nikamwacha alie. Kwa mara ya kwanza sikuona wivu, nilimkumbuka tu mteja wangu, mwanamke mzuri aliyelipa kwa wakati na kunisifu hadharani.

Baadaye akajifuta.

"Kumbe unaimba. Tangu lini?"

"Tangu sijaolewa. Hukuwahi kuuliza."

"Imba wako, basi."

"Sina wa gitaa. Nina huo wa kuimbia cherehani tu."

"Huo huo."

Nikalisukuma sanduku chini ya kitanda, nikakaa pale lilipokuwa. Nikaanza polepole. Chuma chake kikanitafuta, kikapitiliza juu, kikarudi, kikaangukia chini mno. Kila alipokosea nilimsimamisha, nikamwambia wimbo unavyokwenda.