Kishindo cha Jikoni

Kila nikitoka shule nilimchotea shangazi maji, kisha nikakaa kibarazani kwake na daftari mapajani, sikio likiwa kwa majirani. Wenzangu waliniita Askari. Siwalaumu. Mimi nikiona mtu amefunika ndoo, lazima nijiulize amefunika nini.

Na msimu ule yalikuwepo mengi ya kujiuliza. Kijiji chetu kilikuwa kimefunga mwamba wa pweza, ule unaoonekana maji yakipwa, ili pweza wakue kwanza ndipo wavuliwe. Shangazi ndiye aliyewabembeleza watu mpaka wakakubali, wakamchagua mwenyekiti. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kulinda, mtu mmoja mmoja. Mwamba ukifunguliwa na kukutwa mtupu, mkutano ulishasema, hakuna kufunga tena: kila mtu atavua apendavyo mpaka pweza waishe. Na shangazi wangu angebaki kuchekwa.

Sasa kila aliyetoka zamu alirudi na habari ileile: "Mawe yamepinduliwa. Kuna mwizi." Watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Fundi wa nyavu akaacha kumsalimia muuza mkaa. Muuza mkaa naye akasema fundi siku hizi ananenepa bila sababu.

Nikatega sikio. Pweza ni mgumu. Usipomponda kabla ya kumpika, utatafuna mpaka taya ziume. Kwa hiyo mwizi lazima asikike. Kweli, alasiri moja nikasikia kishindo kwa fundi wa nyavu. Pu! Pu! Pu!

"Hodi! Unaponda nini, baba?"

"Mahindi," akajibu, akiziba mlango kwa mwili wake. "Kwani wewe huna kazi za shule?"

Mahindi! Tangu lini mahindi yakanuka bahari? Nikapita kwa muuza mkaa, huko nako pu, pu, pu. Mkewe akachungulia dirishani, akaniambia wanapigilia msumari. Loo! Wezi wawili kwa siku moja!

Nikatoka mbio kumwambia shangazi. Nikaingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, nikamkuta amekaa juu ya kibao, mchi mkononi. Mbele yake, juu ya jiwe, alilala pweza mdogo mno.

"Shangazi! Hata wewe?" Machozi yalinitoka. Katika watu wote niliowashuku, yeye hakuwemo.

"Ni mmoja tu," akasema, kisha akainamisha uso. "Nilikuta mawe yamepinduliwa. Nikasema, wenzangu wanamaliza, mimi nabaki kulinda mashimo?"

"Na wao si wanasema hivyohivyo?"

Aliuweka mchi chini, akamtia pweza yule kwenye sahani, akaenda kuitisha mkutano.

Watu walipokusanyika, aliiweka sahani mezani. "Mwizi mnayemtafuta ni mimi," akasema. "Nipo peke yangu?"

Watu wakakodolea macho viatu vyao. Mwishowe fundi wa nyavu akakohoa. "Mahindi yangu nayo," akasema, "yalikuwa na minyiri minane."

Watu wakacheka, na baada ya kicheko mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine.

"Basi nani alianza?" akauliza muuza mkaa.

Hakuna aliyejua. Waliokwenda zamu ya kwanza waliapa kwamba waliyakuta mawe yamepinduliwa tayari, tena siku ile bahari ilikuwa imechafuka. Huenda mwizi wa kwanza alikuwa wimbi tu.

Mwamba ukafungwa upya. Zamu zikawa za watu wawili, wa nyumba mbili tofauti, na kila kikapu cha aliyetoka zamu kikafunuliwa pale ufukweni mbele ya wote. Ulipofunguliwa, pweza walikuwa wakubwa hata vikapu vikalemea. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kuacha kufunga.

Kazi ya kukagua vikapu vya walinzi nilikuwa nimepewa mimi tangu siku ya kwanza ya zamu mpya. Nani angefaa zaidi? Wa kwanza kuja alikuwa shangazi. Nikaona haya, nikampisha.

"Kagua," akasema.

"Wewe nakuamini, shangazi."

"Najua, mwanangu. Hata mimi niliaminiwa, nikaachwa peke yangu na mwamba mzima, na ukaona yaliyotokea. Mali ya wote hailindwi kwa kushukiana gizani. Ulinzi huanza kwa kiongozi kukifunua kikapu chake."

Akakifunua. Nikainama, nikakagua.