Uji wa Mwalimu Ednah

Kila Jumamosi, Wamuyu alipomaliza kufua sare yake ya shule, alipanda kilima cha Kanja kwenda mazoezi ya kwaya ya watoto wa kanisa. Aliyewafundisha ni Mwalimu Ednah, mjane mpole ambaye hakukubali mtoto yeyote aondoke kwake na njaa.

Siku moja Wamuyu aliona kibuyu kikitoa povu jikoni mwa mwalimu. Njiani, akitaka kuwachekesha wenzake, akasema, "Mwalimu anapika pombe! Nimeiona kwa macho yangu."

Wenzake walicheka. Lakini maneno hayo yalifika kwa wazazi wao, kisha kwa wazee wa kanisa. Jumapili ya pili, Mzee Nyamu, kiongozi wa wazee hao, alitangaza kwamba Mwalimu Ednah amesimamishwa miezi sita: asifundishe kwaya wala asishiriki Meza ya Bwana. Mwalimu aliinuka, akaenda kuketi benchi la nyuma peke yake.

Mchana huo chakula kilimshinda Wamuyu. "Mama," alisema, machozi yakimlengalenga, "sikuonja. Niliona povu tu."

Mama yake, Igoki, aliweka sahani chini. "Inuka twende. Utamwambia yeye kwanza."

Mwalimu Ednah aliwakaribisha vizuri kama kawaida. Wamuyu alipokwisha kukiri, mwalimu alimwonyesha kile kibuyu. "Ulikuwa uji wa kuchacha, mwanangu. Nilimwandalia binti yangu aliyejifungua." Akakirudisha kibuyu mahali pake. "Wazee wote wale, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza."

Walikwenda wote watatu kwa Mzee Nyamu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama. "Mtoto amekosa," alisema, "lakini sisi tumekosa zaidi."

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya waumini. "Tulimwadhibu dada yetu bila kumsikiliza. Mwalimu Ednah, tusamehe." Kisha akatembea mwenyewe hadi benchi la nyuma, akamshika mkono, akamleta mbele. Wamuyu naye akaomba radhi.

Mwalimu Ednah alimkumbatia. "Usiseme tena jambo usilolijua, hata kwa mzaha. Lakini ulirudi kusema kweli, nami nimefurahi." Akawageukia wazee. "Nanyi, mkipewa kazi ya kuwarudi wengine, ulizeni kwanza. Mlinihukumu hadharani, na leo mmejisahihisha hadharani. Kwa hiyo bado nawaamini."