Jani la Sale Mlangoni kwa Hans

Ndugu zangu mnaokula kwa tovuti, nyamazeni kidogo niwasimulie yaliyomkuta Aika wa Levolosi. Mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Nyumba ile ilikuwa na raha. Jumapili wakitoka kanisani Aika hukoroga mtori wa ndizi, binti yao Agnela huimba, na Hans, mumewe, hucheka na simu isiyokoma kuita. Tovuti yao ya kutembeza wageni kwenye mashamba ya kahawa ya Nkoaranga ilikuwa ya kwanza kila mtu alipotafuta mtandaoni.

Kisha mtambo wa kutafutia ukabadili namna ya kupanga tovuti. Ya kwao ikaporomoka hadi ukurasa wa sita, na simu ikanyamaza.

Aika alijua kosa lilipo. Kurasa za mwanzo aliziandika yeye, baada ya kuzipanda njia za mashamba yale kwa miguu yake: wapi panateleza, nani anakaanga kahawa nyumbani. Hans aliziona chache. Akabandika mamia ya kurasa za kunakili kutoka tovuti za wengine, hata za milima ambayo hajawahi kuiona.

“Baba Agnela, tuzifute hizo za kunakili,” alimwambia. “Halafu tuwaandikie wageni wetu wa zamani. Namba zao umeziweka wapi?”

“Namba za nini? Si walikuwa wanakuja wenyewe?”

“Sasa hawaji.”

Kofi lilimwangusha Aika chini. Hans akainyanyua kompyuta, akaibamiza ukutani mara tatu. “Kuna mtu kanishusha! Ni Elifuraha!”

Elifuraha ni kaka yake mkubwa, naye ana tovuti ya namna hiyo hiyo. Hans alimpigia simu akamwapia kumkata. Kila jioni akawa ananoa panga uani, na Aika akipita anasukumwa kwa teke. Mtu mzima mwenye akili zake, jamani!

Elifuraha hakuwa na kosa lolote, lakini alitaka amani. Akachuma jani la sale. Kwetu Uchagani jani hilo ukiletewa hukatai, unasamehe hata kama una kisasi moyoni. Ila kwa kawaida hulileta aliyekosa, na hapo ndipo mzee wa watu alipojiponza.

“Shikamoo, shemeji,” Aika alimpokea mlangoni, jicho limevimba.

“Marahaba, mama. Amekufanya nini huyu? Yuko wapi?”

Hans alitokea uani, akaliona jani.

“Kumbe umekiri! Asiye na kosa analeta sale ya nini?”

“Hans, mdogo wangu, nisikilize kwanza.”

Panga lilishuka. Elifuraha alikinga kwa mkono ulioshika jani, na vidole vitatu vikaanguka sakafuni. Aika alimrukia mumewe, ubapa wa panga ukamvunja mtulinga. Agnela alipiga yowe mtaa mzima ukasikia. Majirani waliingia na mawe, wakamkanyaga Hans, mmoja akataka petroli iletwe wamchome.

“Msimuue!” Elifuraha alipaza sauti huku damu ikimtiririka hadi kiwikoni. “Hans, hata tovuti yangu imeshuka. Wiki ile ile.”

Ndiyo, ilishuka pia. Lakini Elifuraha alikuwa na daftari la wageni wake wote. Alimwandikia kila mmoja, akazipanda upya njia za Meru akipiga picha zake mwenyewe, na wageni wakaletana. Siku ile alitaka kumfundisha mdogo wake afanye hivyo hivyo.

Majirani walimwachia polisi, na Hans akafungwa miaka saba. Aika alipokwenda kumwona mara ya kwanza, mkono ukiwa bado umefungwa shingoni, alingoja Hans aulize hali ya kaka yake, au ya mtoto.

“Mama Agnela,” Hans alinong’ona, “tovuti imepanda?”

Aika aliinuka akaondoka. Hajarudi tena.

FUNZO

Mtambo wa kutafutia si mali yako. Utabadilika kesho bila kukuaga. Andika unachokijua kwa macho na miguu yako, acha kunakili. Tunza namba za wateja, waandikie, uwe na njia nyingine ya wao kukufikia. Ukishuka, kagua kurasa zako kabla hujamshuku mtu. Na wewe unayempiga mkeo kwa sababu biashara imelala, nakwambia bila kuficha: mkeo ndiye aliyekuwa anajua dawa.