Picha Yenye Ukingo Mweusi

Ikifika Septemba, mji mzima wa Dolni Brod hunukia pilipili hoho za kuchoma. Moshi hutanda juu ya kila ua mpaka paka wanapiga chafya na shomoro wanahamia mji wa jirani. Jumamosi hiyo asubuhi, Bilyana, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa uani kwa bibi yake akimenya maganda meusi ya pilipili zilizotoka jikoni. Vidole vilikuwa vyekundu, macho yanamwasha, na kila baada ya dakika mbili alitazama saa.

"Hata ukiikodolea macho haitakwenda mbio," alisema Bibi Stoyna bila kuinua kichwa. "Menya."

"Bibi, saa nne tunahukumu picha! Nikichelewa Mzee Spiridon atafunga mlango."

"Na afunge. Na mimi umenipeleka huko kweli? Ile picha niliyojifunga kitambaa kichwani kama naenda kuungama?"

"Nimeipeleka, Bibi. Itakuwa ya kwanza."

"Mh! Kwa uso huu?" Bibi aligeuza pilipili kwa koleo, lakini mdomo ulimcheka pembeni. "Haya, nenda. Nawa mikono kwanza, usije ukawapaka watu pilipili machoni."

Chama cha wapigapicha wadogo kilikutana katika chumba kilichokuwa juu ya maktaba. Kiongozi wao, Mzee Spiridon, alikuwa fundi picha mstaafu mwenye sauti ya kutikisa vioo. Alikuwa amepiga picha harusi za nusu ya mji huo na, kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kumfanya mbuzi atabasamu.

Kanuni za shindano lake zilikuwa chache, lakini kali. Picha zilitundikwa ukutani kwa namba tu, bila majina. Kila aliyeleta picha alikuwa pia hakimu wa picha za wenzake. Alitoa alama kama za shuleni, mbili kwa aliyefeli na sita kwa aliyefaulu vizuri kabisa, na kwa kila alama aliandika sababu. "Alama isiyo na sababu ni kelele," Mzee Spiridon alizoea kusema. Washindani walikuwa kumi na mmoja. Picha tatu za juu zingepelekwa Plovdiv siku ya Jumanne, pamoja na waliozipiga, kwenye maonyesho ya mkoa. Bilyana alikuwa akiiota safari hiyo tangu likizo, na darasa zima alikuwa amelitangazia kwamba atakwenda.

Picha yake ilikuwa namba nne. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, uso wa Bibi Stoyna ukitazama mbele moja kwa moja, na kuuzunguka uso huo Bilyana alikuwa ameweka ukingo mweusi mnene. Aliona ukingo unaipa picha heshima.

Alipoanza kuhukumu za wenzake, hakuhukumu kitu. Namba moja, mbili. Namba mbili, mbili. Kila mmoja alimpa mbili, na penye sababu akaandika "mbaya", mara kumi. Kichwani alikuwa na hesabu moja tu: wenzake wakishuka, yeye atapanda.

Matokeo ya awali yaliposomwa, namba nne ilikuwa ya tisa.

"Ya tisa?" Bilyana alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Haiwezekani! Mmepanga!"

"Kaa chini, binti," Mzee Spiridon alisema. "Kila mtu achukue karatasi zake, asome alichoandikiwa."

Bilyana alisoma ya juu kabisa. Mwandiko aliutambua papo hapo, ule uliolala upande kama ua wa mbao unaotaka kuanguka. Ulikuwa wa Ognyan, waliyesoma naye darasa moja. Ulisema: "Ukingo mweusi unaifanya ifanane na tangazo la tanzia. Na mikono imekatwa. Uondoe ukingo, mikono ionekane."

Damu ilimpanda kichwani. "Wewe Ognyan! Bibi yangu ni maiti?"

"Sijasema hivyo," Ognyan alijibu huku masikio yakimwiva. "Nimesema inafanana."

"Wivu tu! Utakufa nao!"

"Soma basi yote, mbona unapayuka?"

Nani asome? Bilyana aliikunja ile karatasi ikawa kidonge, akaitia mfukoni, akashuka ngazi akivurumisha miguu hivi kwamba vitabu vya maktaba, wasemavyo watu, vilijipanga upya vyenyewe.

Hasira ni mshauri mbaya, lakini hulala na mtu kitanda kimoja. Jumapili nzima ilimnong'oneza Bilyana. Jumatatu alfajiri, kabla ya shule, alitoka na nakala tatu za picha yake na chupa ya gundi. Chini ya uso wa bibi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: STOYNA KARAIVANOVA, 1946. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Mji uitazame na uhukumu wenyewe." Moja aliibandika kwenye mlango wa maktaba, moja kwenye mti wa mpopla ulio mbele ya duka la mikate, na moja kwenye kituo cha basi. Hapo ndipo watu wa Dolni Brod walipozoea kusoma matangazo. Akaenda shule kifua mbele. Sasa mji mzima ungejua jinsi Ognyan alivyo mwongo!

Lakini mtoto huyo, kwa ukali wake, alisahau jambo ambalo hata mbwa wa Dolni Brod wanalijua. Mtu akifa pale, uso wake huchapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, huwekewa ukingo mweusi, huandikiwa jina na mwaka, kisha hubandikwa mlangoni, mtini na kituoni. Na nani husoma herufi ndogo kwenye tangazo la tanzia?

Saa tatu asubuhi Bi Dimka, jirani, alisukuma lango la Bibi Stoyna akilia kwa sauti. Mkono mmoja alishika maua manne, hesabu ya shufwa inayogawika kwa mbili, kama desturi inavyotaka kwa wafu, na mwingine sahani ya ngano iliyochemshwa na kunyunyiziwa sukari. Akamkuta marehemu amesimama kando ya jiko na koleo mkononi.

"Mungu wangu! Stoyna! Umefufuka!"

"Nimefufuka kutoka wapi, mwehu wewe? Nachoma pilipili!"

"Lakini umebandikwa kwenye mpopla!"

Kabla Bibi hajaelewa vizuri, waombolezaji wengine walikuwa langoni. Hadi adhuhuri mashada yalikuwa tisa. Kasisi alipiga simu kuuliza kaburi lichimbwe upande gani. Asen, kaka yake Bibi, alifika kutoka kijiji cha tatu amevaa suti nyeusi, alipomwona dada yake mzima alilia kwa furaha, akafuta macho, akauliza, "Kwa hiyo chakula cha msiba hakuna?"

"Kula ngano ya Dimka unyamaze!" Bibi alimkemea.

Bilyana aliporudi kutoka shule, koleo lilikuwa bado mkononi mwa bibi yake, limeelekezwa kwake.

"Miaka sabini na tisa!" Bibi alifoka. "Vita sikuviogopa, njaa sikuiogopa, mama mkwe wangu sikumwogopa! Leo mjukuu wangu mwenyewe ananizika kwa chupa ya gundi!"

"Bibi, mimi nilitaka tu waone kwamba Ognyan..."

"Ognyan kafanya nini? Ognyan ndiye aliyenibandika mtini?"

"Alisema picha inafanana na tangazo la tanzia!"

Hata Asen aliacha kutafuna.

"Alikuambia lini?" Bibi aliuliza polepole.

"Jumamosi."

"Jumamosi! Yaani umeambiwa Jumamosi, ukanizika Jumatatu? Sikio la kufa halisikii dawa! Chukua ndoo ya maji moto. Nenda ukanibandue. Kila kipande! Na kamera hiyo usinielekezee tena!"

Basi Bilyana alikwaruza karatasi ya kituo cha basi, kisha ya mlango wa maktaba, machozi na maji ya gundi yakichuruzika pamoja. Kwenye mpopla alimkuta Mzee Spiridon anamsubiri. Hakuwa akicheka.

"Tanzia nimeisikia," alisema. "Hiyo ni ya bibi yako na wewe. Mimi nina kesi yangu." Akachomoa karatasi kumi za kuhukumia kutoka mfuko wa koti. "Jana nimezikusanya kwa wenzako, nikaketi kuhakiki sababu zako. Mbaya, mbaya, mbaya. Mara kumi! Hata muuza kuku hueleza kuku wa jirani ni mbaya kwa nini. Hii si hukumu, ni matusi."

"Si na wao walinipa alama za chini..."

"Ulikuwa hujui watakupa ngapi ulipoandika haya. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini wewe umeipasua ngoma yenyewe! Karatasi zako nimezifuta. Na kanuni ya shindano unaijua: hakimu wa kumi na moja asipohukumu, hakuna picha inayokwenda Plovdiv. Hata moja. Kesho asubuhi ndiyo mwisho."

"Na wengine wote je?"

"Picha zao zinakungoja wewe. Ngazi unazijua."

Chumbani juu ya maktaba alikuwapo Ognyan peke yake, ameketi dirishani. Alipomwona, hakumsalimu.

"Umekuja kutuzika na sisi?"

"Nyamaza! Kama usingeandika upuuzi wako..."

"Ulisoma nyuma?"

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya karatasi, kichwa cha boga! Nafasi iliniishia nikageuza!"

Bilyana alitia mkono mfukoni. Kidonge kilikuwapo bado, kimelowa. Alikikunjua taratibu kisichanike. Nyuma, mwandiko ule uliolala ulisema: "Lakini macho ya bibi huyu yanazishinda picha zote humu ndani. Nimeyatazama nikaona aibu kwa jinsi nilivyomjibu bibi yangu leo asubuhi. Tano." Hakuna mwingine aliyempa tano.

Alitamani sakafu ipasuke. Haikupasuka, ilikuwa ya mwaloni. Akachukua karatasi mpya na kalamu, akasimama mbele ya namba moja.

Mara hii alilazimika kutazama, kwa sababu kila alama ilidai sababu. Namba moja, ya mbwa, ilikuwa na ukungu, lakini mbwa aliruka kweli. Namba mbili, ya daraja, ilikuwa safi na haikusema lolote. Alipofika namba saba alisimama muda mrefu. Jumamosi alikuwa ameona sanduku la safari tu. Sasa aliona limesimama kwenye korido, limefungwa kamba, na kando yake viatu vikubwa vya mwanamume vilivyong'arishwa. Juu ya sanduku kulikuwa na ndara za mtoto, kana kwamba mtu amezipandisha hapo ili naye achukuliwe. Baba yake Ognyan alifanya kazi Ujerumani. Mji mzima ulijua. Ognyan hakuwahi kulisema.

Alikuwa bado amekasirika. Alimkasirikia Ognyan kwa kuwa na haki, na kujikasirikia mwenyewe zaidi. Angeweza kuandika nne, nani angejua? Aliandika: "Sita. Hakuna mtu ndani ya picha, lakini nimemwona anayeondoka, na anayebaki pia."

Mzee Spiridon, aliyekuwa amepanda ngazi nyuma yake, alijumlisha, akajumlisha tena, kisha akavua miwani. "Namba saba imeingia. Ya tatu. Namba nne imebaki ya tisa."

"Najua," alisema Bilyana.

"Sikilizeni, nyote wawili," mzee alisema, na mara moja katika maisha yake akasema kwa sauti ya chini. "Shindano halikuletwa likupime wewe ni mtu wa aina gani. Limeletwa likuazime macho ya watu kumi, kwa sababu mawili uliyonayo yanakipenda mno kitu chako. Mwenzako akikuambia kasoro yako kwa haki, amekupa kazi yake bure. Nawe ukiketi kuhukumu ya mwenzako kwa haki, ndipo unapojifunza kuiona ya kwako. Anayeleta picha lakini hataki kusikia, na anayehukumu lakini hataki kutazama, wote wawili ni vipofu wenye kamera. Umenielewa, Bilyana?"

"Nimekuelewa, Mzee. Na... Ognyan, nisamehe. Kwa mbaya ile. Na kwa wivu."

"Na kichwa cha boga nakifuta," Ognyan alisema. "Kwa leo."

Nyumbani, Bibi Stoyna alikuwa ameketi mezani na ndoo tisa, zote za pilipili, kila moja ikiwa na shada. Hasira ilikuwa haijaisha. Ilionekana kwenye nyusi. Kutoka kila shada alikuwa akivuta ua moja, akiliweka kando.

"Unafanya nini, Bibi?"

"Nayarudisha kwa walio hai. Maua ya wafu ni shufwa, yangu yawe witiri. Siwezi kutupa maua mazuri kwa sababu ya ujinga wako." Alivuta la mwisho. "Haya, umehukumu?"

Bilyana alimweleza yote, bila kuficha, hata zile "mbaya" kumi. Bibi alisikiliza akiguna.

"Kesho baada ya shule utanipiga picha nyingine," alisema hatimaye. "Nikichoma pilipili, mikono yangu yote miwili ndani. Na nikiona ukingo mweusi, nitakubandika wewe kwenye mpopla."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi aliyakusanya maua aliyoyachomoa, akayafunga kwa uzi, akamsukumia mjukuu wake kifuani. "Yahesabu."

Bilyana alihesabu kwa kidole. "Tisa."

"Basi ni ya mtu aliye hai. Mpelekee yule kijana aliyekuambia ukweli Jumamosi. Na upige hodi kwa adabu."